Mzee wa Ukurasa wa Sita

Mwaka wa 1973, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alitoka nyumbani kwetu Arua na kikapu kimoja, akarudi kwao Koboko kwa sababu ya gazeti. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Najua msomaji wa rika langu ataguna: mwanamke gani alimwacha mumewe kwa ajili ya gazeti, miaka ile, tena Arua? Ngoja nieleze. Nitaeleza kwa njia yangu, maana shule niliacha darasa la tatu na njia nyingine siijui.

Kilichonikumbusha ni harufu. Mwezi uliopita mjukuu wangu, binti wa binti yangu, alikuja kutoka Kampala na gazeti mkononi, akanifunulia ukurasa wa katikati. Picha yake ilikuwa pale, ndogo kama stempu, na chini yake maneno marefu mpaka mwisho wa karatasi. Siku hizi anaandika makala za maoni. "Habuba," akaniambia, kwa maana sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi, "huyo ni mimi." Nilikuwa natoka buchani kwangu, mikono bado inanuka mafuta ya ng'ombe. Nikalileta gazeti puani. Wino na mafuta ya ng'ombe, harufu mbili hizo, hazikuwa zimekutana mbele yangu kwa miaka mingi. Nikajikuta nimekaa juu ya kreti la soda, gazeti bado liko puani. Mtoto wa watu akadhani presha imepanda.

Nikamwambia anisomee. Akasoma, akatafsiri. Yalikuwa maneno ya maana, siwezi kumnyima. Lakini alipofika kama katikati nikajikuta naangalia mbuzi wa jirani anavyokula kamba yake. Nikamwambia hivyo hivyo, mimi sina desturi ya kupaka mtu mafuta. Hakukasirika, huyu ni damu yangu. Akauliza, "Sasa Habuba, mtu aandikeje ili wewe usiangalie mbuzi?"

Nikamwambia anywe chai yake. Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kikombe kimoja. Jibu lenyewe ni baba yangu.

Baba alikuwa mchinjaji na muuza nyama katika soko la Arua. Mtu mfupi, kofia nyeupe yenye doa la damu ambalo mama alipigana nalo kwa sabuni miaka yote bila kulishinda. Kiingereza alikipata jikoni kwa daktari mmoja mzungu, zamani kabla sijazaliwa, ambako aliosha sahani na kusoma magazeti yaliyowekwa kwa ajili ya kuwashia moto. Kwa hiyo alikuwa akisoma upesi, kabla kibiriti hakijafika.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka nyama ilivyofungwa siku zile. Hakuna mifuko, ni gazeti. Unafika nyumbani, unabandua, na kwenye paja la ng'ombe unakuta maandishi yamejichapa kinyumenyume. Tumekula herufi nyingi sisi, ndiyo maana wengine tunaongea sana. Magazeti yalikuwa ya Kiingereza, ya Kampala, na baba hakununua mapya. Alichukua marundo ya zamani kutoka ofisi za serikali na kwa mapadri wa Ediofe. Habari zilizokuwamo zilikuwa zimeoza, mkutano uliokwisha, mgeni aliyekwisha kurudi kwao. Lakini baba alisema habari ni nyama mbichi, maoni ni nyama kavu. Ukiitia chumvi vizuri inakaa mwaka mzima.

Ukurasa wa sita wa gazeti lile ulikuwa na mtu wa maoni. Hakuweka jina wala sura, aliweka picha ya kalamu. Wateja wa baba walimpa jina wenyewe: Muzee wa Sita. Kila Jumamosi asubuhi, nyama ikiwa imetundikwa na watu wamejaa kwenye meza, baba alifuta kisu, akafunua rundo, akatafuta ile kalamu. Macho yake yalisoma Kiingereza, na mdomo ukatoa Kiswahili, kile Kiswahili chetu cha West Nile, cha kambini na cha kwenye malori, ambacho walimu hucheka. Na watu, ambao walikuwa wameamka mapema ili wawahi mbavu, walisema, "Nyama ngoja. Muzee wa Sita nasema nini leo?"

Sasa msikilizeni alivyokuwa akifanya. Hakuanza hata siku moja na jambo kubwa. "Wasomaji wangu," alisoma, "shati langu limetoka kifungo." Basi. Watu wote pale wakainamisha vichwa kuangalia vifungo vyao. Kutoka kwenye kifungo akaenda kwa fundi wa nguo aliyesema njoo Ijumaa. Ukienda Ijumaa, anasema Ijumaa ile nyingine. Halafu akampa fundi nafasi ajitetee, tena kwa sauti ya huruma kabisa: fundi atasema uzi umepotea nchini, na ni kweli, uzi umepotea, hata mimi nimeutafuta mpaka Mvara. Fundi yeyote aliyekuwa pale alipumua. Ndipo baba akamalizia: "Lakini ile ulimi ya kusema Ijumaa, hiyo haijapotea."

Hakutaja mtu. Kulikuwa na seremala mmoja nyuma ya watu, amesimama na kikapu chake. Nilimwona akigeuka na kuondoka bila nyama. Kabla ya adhuhuri nilimwona tena, na kitanda kichwani, anakipeleka kwa mjane aliyekuwa akikingoja tangu kabla ya Ramadhani. Mtoto wa miaka minane akiona jambo kama hilo anajua nini? Anajua kwamba kuna mtu Kampala ambaye akiandika neno, kitanda kinatembea Arua.

Mambo ya serikali baba hakuyagusa. Askari nao walikula nyama, na walisimama kwenye foleni ile ile. Muzee wa Sita wetu alishughulika na vifungo, majirani, watu wanaoazima nyundo. Nadhani ndiyo sababu watu walimpenda. Kila mahali pengine mtu alichagua maneno kama anatembea juu ya misumari. Pale buchani ulicheka ukaenda nyumbani na mbavu zako.

Mpaka Jumamosi ile ya gurusa.

Gurusa ni mkate wetu Wanubi, mwembamba, unaukunja kama leso. Mama yangu hakuwa Mnubi. Alikuwa Mkakwa wa Abuku, kule Koboko, mtoto wa wakulima, na gurusa alifundishwa na mama yake baba. Yule mama mkwe alikufa kabla ya kumaliza somo. Basi gurusa ya mama ilitoka nene. Mimi niliipenda hivyo, ilishika mchuzi. Baba naye aliila kila siku wala hakusema kitu nyumbani.

Siku ile watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Nilikuwa nimekaa juu ya mfuko wa chumvi, nangoja mifupa ya nyumbani. Baba akafunua gazeti, akakohoa. "Wasomaji wangu, hapa Kampala mimi najua mwanamke mmoja. Gurusa yake ikianguka chini, jirani nauliza, nani nabisha hodi?"

Watu wakacheka, maana wanawake wa mtaa wetu walikuwa wameiona gurusa ya mama, na wanaume walikuwa wamesikia kwa wanawake. Akaongeza kwamba tairi yako ikitoboka usiende kwa fundi, nenda kwa yule mama. Wakacheka zaidi, mmoja akashika meza. Baba hakuwahi kuonja pombe maishani, lakini siku ile alilewa. Nilimwona usoni. Angekomea pale, mama angenuna siku tatu na mambo yangekwisha. Ila alitaka kicheko kimoja tena, na gazeti likiwa juu mbele ya uso wake akasema: "Miaka kumi ndani ya nyumba, mikate mingi, mutoto mmoja."

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Mama Zubeda, mwanamke aliyefanya biashara ya simsim, yaani ufuta, kati ya Koboko na Arua, alichukua nyama yake bila kusema kwaheri. Mtoto mmoja nilikuwa mimi. Wengine wawili mama aliwazika kabla ya siku ya saba, siku ya kupewa jina. Watu wote pale walijua. Wengine walibeba jeneza.

Maneno yalifika nyumbani kabla ya mifupa. Nilipofika mama alikuwa amekwisha funga kikapu. Hakulia. Aliniambia maharagwe yako motoni, niyaangalie yasiungue, akanishika kidevu, akatoka kwenda mahali malori ya Koboko yanapopakia. Mimi hakunichukua. Mtoto ni wa baba, ndivyo desturi ilivyokuwa, na hakuna aliyeniuliza. Maharagwe yaliungua.

Baba sikumlaumu, na hapa ndipo mtacheka. Kwangu mimi baba alikuwa bomba tu, maji yanatoka mbali. Aliyemtukana mama yangu alikuwa yule mtu wa Kampala. Nilichosumbuka nacho ni kujua aliionja wapi gurusa yetu. Nikamshuku kondakta mmoja wa basi ambaye aliwahi kula barazani kwetu, akatafuna muda mrefu akiangalia juu. Huyo ndiye aliyepeleka habari, nikasema. Kila basi la Kampala likipita nilikuwa nakodoa macho nimtafute.

Shule ikaisha, bila mtu kuiamua. Nilibaki siku moja kupika, nikabaki ya pili, na mwalimu hakuja kuuliza. Nilipika ugali ukawa na mabonge, nilipika gurusa ikawa mkaa. Baba alikula yote. Alisema, "Tamu." Kila siku, "Tamu." Jikoni mlango haukufungwa sawasawa, kuku wa mama wakaingia wakafanya makao juu ya kuni, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwafukuza, niliona angalau ni kitu chake kinachopumua mle ndani.

Siku moja nikaamua kumwandikia Muzee wa Sita. Herufi nilikuwa nazo za kutosha. Nilichana karatasi ya daftari, nikaandika kwa penseli, na barua ile naijua kwa moyo mpaka leo:

"Wewe Muzee wa Sita. Gurusa ya mama ni nzuri. Mimi nakula. Wewe hujala. Mama ameenda Koboko. Sema pole. Sema na gazeti kama ulisema na gazeti."

Nikabandua stempu kwenye bahasha ya zamani, nikaibandika kwa uji, nikaandika juu: Muzee wa Sita, Kampala. Nikaipeleka posta na kumpa karani mkononi, kwa sababu lile tundu la sanduku sikuliamini. Karani aliigeuza mara mbili. Alikuwa mteja wa baba, mtu wa maini. Akasema vizuri, itafika.

Jumamosi ya pili baba alifunua gazeti, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. Watu wakasogea ili wasikie. Hiyo nayo ni akili, ingawa siku ile sidhani aliikusudia.

"Wasomaji wangu," akasoma, "zamani niliandika juu ya mkate wa mwanamke fulani. Niliandika nikiwa nimeshiba, na mtu ameshiba hajui mkate. Sasa nakula chakula cha mtoto. Mtoto najikaza, chakula naungua. Mimi namwambia tamu. Leo nikajiuliza: kumbe hii mdomo inajua kusema tamu? Miaka kumi ilikuwa wapi?" Akanyamaza kidogo. "Mtasema, muzee, ulikuwa nacheza tu. Kweli nilikuwa nacheza. Lakini mtu nacheza na kitu yake. Mimi nilicheza na kaburi ya watu wawili. Mlango ya jiko yangu iko wazi. Kuku nalala ndani. Hakuna mutu wa kuwafukuza."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja alitoa kofia akaivaa tena. Mimi moyo ulikuwa unaruka kama samaki: barua yangu imefika! Na tazama mtu mkubwa alivyo mwaminifu, amejibu kwa gazeti kama nilivyomwamuru. Hata kuku anawajua, japo hao sikumwandikia. Nikasema kondakta huyo kweli ana macho.

Nikamwambia baba nataka kwenda Koboko na Mama Zubeda, nimpelekee mama ile karatasi. Baba akageuka kufuta meza iliyokuwa safi. Akasema nenda, lakini karatasi acha. "Karatasi iko na damu. Sema na mdomo." Mdomo! Nani angeamini mdomo wa mtoto, wakati maandishi yapo? Alipokuwa akinoa kisu niliuvuta ule ukurasa, nikaukunja, nikaufunga tumboni ndani ya gauni. Ukaninata ngozini njia yote mpaka Koboko, juu ya magunia, na vumbi lile jekundu ambalo hata leo nikilisikia kwenye meno naona niko njiani kwenda kwa mama.

Mama Zubeda alinifikisha mpaka Abuku. Mama alikuwa shambani, anapalilia karanga. Aliponiona aliweka jembe chini polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Amekonda, nikaona. Sikusalimia. Nikauchomoa ukurasa, umelowa jasho, nikasema Muzee wa Sita ameomba msamaha, haya, soma.

Mama hakujua kusoma. Akamwita kaka yake, mjomba wangu, mwalimu wa darasa la nne, mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni. Mjomba alishika ukurasa kwa ncha za vidole. Akasoma kimya, midomo ikitembea. Akaanza tena juu.

"Hapa wanasema mitaro ya Kampala ina mbu," akasema.

Nikamwambia asome chini. Akasema chini ni mbu vilevile. Nikamwambia basi hajui kusoma. "Mimi ni mwalimu!" akasema, na miwani ikamteleza. Nikamwambia hata mwalimu wangu alisema mimi nitakuwa namba moja, na sikuwa. Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu maharagwe yale, na kicheko chenyewe kikanivunja. Nililia kwa hasira. Niliangalia zile herufi ndogo nyeusi, nikaona hazinijui. Mtu wa Kampala hakuwahi kuonja kitu chochote cha kwetu. Hakutukana, hakuomba pole, hakujua kama tuko duniani. Alikuwa na mbu wake.

Na kama si yeye, basi ni nani? Jambo hilo lilikuja polepole, kama baridi inavyopanda kutoka miguuni. Mama alikuwa ananiangalia, na yeye alikuwa anajua tangu mwanzo. Watu wazima wote walikuwa wanajua. Pale buchani hakuna aliyedhani kwamba gurusa inapikwa Kampala. Lile bomba, ni mimi peke yangu niliyeliamini.

Mama akamwambia mjomba atuache. Akakaa juu ya tuta, akanivuta kati ya magoti yake. "Baba yako alisoma nini? Sema yote. Usiruke."

Nikasema. Nilikuwa nimeyashika yote, na sauti yake ya chini nikaishika, na pale aliponyamaza nikanyamaza. Nilipofika kwenye makaburi mama aliangalia pembeni. Nilipomaliza alichambua udongo kwenye kucha.

"Ni kweli kuku wanalala jikoni?"

"Ndiyo."

"Wale wangu? Na yule mwekundu?"

"Juu ya kuni. Ametaga humo."

Akatikisa kichwa, na nikaona kwamba katika hotuba ile nzima, pamoja na shibe na makaburi, kilichomshika mama mkono ni kuku. Nikamwambia mjukuu wangu hilo, juzi, chai yake ikiwa imepoa: unaweza kujenga hoja kama nyumba ya ghorofa, mtu ataingia kwa mlango wa kuku.

Lakini mama hakuwa mtu wa kununuliwa rahisi, na mimi nimerithi kwake. Akaniambia maneno ya kumpelekea baba, akayarudia mara tatu nisiyasahau. "Mwambie alipotutukana alijificha nyuma ya karatasi. Sasa anaomba msamaha, bado yuko nyuma ya karatasi. Mimi sikuolewa na mtu wa Kampala. Atoke nimwone."

Nilirudi na Mama Zubeda baada ya siku nne. Baba alikuwa mlangoni. Nilimpa maneno yale kama nilivyopewa. Akavua kofia, na ndani ya kofia, kwenye ule mkunjo, akatoa karatasi yangu ya daftari yenye stempu ya uji. Karani wa maini alikuwa amempa siku ile ile niliyoipeleka posta. "Wewe unaandika kuliko yule mutu wa Kampala," akaniambia. "Na kuliko mimi." Nilikuwa na hasira naye, nataka hilo lijulikane. Lakini sijasifiwa tena hivyo mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata hakusoma. Alifunga nyama kwa majani ya mgomba, kimya. Watu walinung'unika. "Muzee wa Sita amekufa?" mmoja akauliza. "Kama amekufa tuambie, tutoe rambirambi." Jumamosi ya pili, kimya tena. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Mtu aliyeweza kutembeza kitanda kwa maneno, bila karatasi mbele ya uso alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Jumamosi ya tatu Mama Zubeda alikuwepo. Baba aliweka kisu chini. Mikono hakujua aipeleke wapi, akaishika kwenye aproni.

"Leo hapana gazeti," akasema. "Ile maneno ya gurusa, Muzee wa Sita hakusema. Mimi nilisema. Ile ya mutoto mmoja, mimi. Gurusa ya mama ya huyu mutoto nimekula miaka kumi, sijabakiza hata siku moja. Basi." Akaangalia meza. "Nani alikuwa nataka maini?"

Hayo tu. Hakukuwa na kifungo, wala fundi wa kujitetea, wala kuku. Jasho lilimtoka mpaka kwenye ndevu. Kwa ufundi ilikuwa mbaya kuliko zote alizowahi kutoa, na sikumbuki nyingine iliyosikilizwa vile. Nyuma mtu mmoja akasema, "Kumbe Muzee wa Sita ni wewe?" Baba akasema, "Nusu." Yule mtu akafikiri, akasema, "Basi nusu yako soma. Mimi hapana kuja hapa kwa mifupa." Ndipo watu wakacheka, na baba akapumua, na Mama Zubeda akafunga nyama yake kwenye kanga, akaenda kutafuta lori la Koboko.

Mama alirudi siku ya saba baada ya hapo. Alishuka kwenye lori na kikapu kile kile. Hakumsalimu baba, hakunisalimu mimi. Aliingia jikoni moja kwa moja, na kwa muda mrefu hatukuona kitu ila manyoya na kuku wanaopiga kelele wakitokea mlangoni mmoja mmoja, yule mwekundu mwisho. Baba alikuwa amesimama uani na kofia mkononi. Alikuwa analia, akijifanya ni vumbi.

Ile miaka iliyofuata ndiyo ninayoitamani. Sikurudi shule, na hata leo inaniuma, lakini Jumamosi nilikuwa pale kwenye mfuko wa chumvi. Baba alisoma tena, na sasa nilijua, nikawa nasikiliza kwa masikio mengine: hapa ni mtu wa Kampala, hapa ni baba. Alikuwa akifika kwenye kicheko kikubwa ananiangalia kwanza. Nikikunja uso, analiacha lile neno la mwisho, anakata nyama.

Mwaka wa 1979 vita vilipokaribia mji ulihama. Tulivuka kwenda Zaire, mama na mimi na watu wa mtaa. Baba alinipa kisu chake, akasema kuna ng'ombe amekwisha fungwa, hawezi kumwacha afe kwa kiu, atatufuata baada ya siku mbili. Jirani mmoja alimwona akifunga mlango wa bucha. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Kaburi hatuna. Kule Zaire kila karatasi iliyopita mbele yangu niliifunua kutafuta ile kalamu, kana kwamba sauti yake ilibaki humo. Haikuwemo. Haikuwahi kuwemo.

Mjukuu wangu aliniuliza kama babu yake mkuu aliacha maandishi yoyote. Nikamwambia yameliwa yote na watu wa Arua, pamoja na mbavu. Akauliza, "Na yule kuku mwekundu, alifukuzwa pamoja na mayai yake?" Nikajua ataandika vizuri.

Leo nina mabucha mawili, moja Arua na moja Koboko, nimeyajenga kwa kisu kile kimoja, sikusaidiwa na mtu. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita. Nina shamba Abuku, la muhogo na simsim. Ng'ombe kumi na wanne. Friji mbili, moja imeharibika. Kisu cha baba, kimenolewa mpaka kimebaki kama kidole. Kipande cha karatasi ya daftari chenye penseli iliyofifia. Kuku sijawahesabu, lakini jikoni hawalali. Na mama ninaye. Haoni vizuri, ila gurusa anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Bado ni nene.